Zawadi za Sikukuu au Bei Ipungue? Jibu kwa Msomaji Anayenunua Friza

SWALI: Habari za kazi. Nipo Morogoro, nauza juisi na barafu za ubuyu karibu na stendi ya Msamvu. Desemba hii nataka kununua friza ya kulala ya lita 200. Duka moja hapa mjini wanaiuza 890,000, na ukinunua kabla ya Krismasi wanakupa blenda, pasi, seti ya sufuria, fulana na kalenda. Wameandika kwamba zawadi zote zina thamani ya 180,000. Kuna na kuponi ya droo ya pikipiki. Friza hiyohiyo Kariakoo nimetajiwa 760,000, haina zawadi yoyote, na usafiri hadi huku ni 35,000. Mume wangu anasema la hapa ndilo lenye faida, maana hata blenda itanisaidia kwenye juisi. Pasi ninayo; sufuria za kupikia wageni ndizo hazitoshi. Mimi moyo wangu uko kwenye bei iliyopungua, ila nikiulizwa sababu sina. Je, niko sahihi au ni ubahili tu?

JIBU: Dada yangu, si ubahili. Hesabu iko upande wako, ingawa haijakuelemea sana kama sisi wapenda punguzo tunavyopenda kudai. Ngoja tuifanye taratibu.

Friza ya Kariakoo ikifika mlangoni kwako itakuwa imekugharimu 795,000. Ya hapo mjini ni 890,000. Tofauti ni 95,000. Kwa hiyo ule mzigo wa blenda, pasi, sufuria na vikorokoro vingine hupewi bure. Unauziwa kwa 95,000, tena vyote kwa pamoja, bila nafasi ya kuchukua kimoja ukaacha kingine. Mume wako amechukua 180,000 akatoa 95,000, akaona mmepata faida ya 85,000. Kutoa ametoa vizuri. Tatizo ni ile 180,000, kwa sababu aliyeiandika ni mwenye duka.

Kitu kinachotolewa kama zawadi kina bei ya kwenye bango, kina bei ambayo ungeuziwa ukiingia duka lolote la vyombo na pesa yako na mdomo wako, na kina bei ambayo duka lilikinunulia kwa katoni. Baada ya hizo zote kuna thamani yake kwako wewe, na hiyo peke yake ndiyo inayokuhusu.

Tuanze na blenda, kwa kuwa ndiyo inayomvutia shemeji. Blenda za zawadi karibu zote ni za matumizi ya nyumbani: jagi la plastiki la lita moja na nusu, mota ya wati 300 au 400 hivi. Ukisoma kijitabu chake utakuta wameandika usiizungushe mfululizo zaidi ya dakika moja au mbili bila kuipumzisha. Kwa juisi ya watoto nyumbani inatosha kabisa. Kwa meza ya Msamvu, basi la Mbeya limesimama, abiria wanane wamenyoosha mikono na dereva anapiga honi, hiyo mota itaanza kunuka waya kabla hujamaliza foleni. Blenda ya biashara utainunua tu, leo au baada ya hii kuungua. Zawadi ambayo haikuondolei gharama uliyokuwa nayo haijakusaidia. Thamani ya blenda hii kwako ni kile ambacho jirani atakubali kukupa, tuseme 30,000.

Pasi unayo. Ya pili nayo ni ya kuuza, labda 15,000, na usishangae ukiambulia 10,000, kwa sababu Desemba hiyo mtaa mzima una watu wenye pasi mpya za zawadi.

Sufuria ndiyo zawadi pekee inayojaza pengo lako. Zipige kidole kabla ya kuzihesabu. Seti za zawadi huwa za bati jepesi, na za uzito huo sokoni naamini hazizidi 35,000. Nenda ukaulize, usichukue neno langu. Fulana ina jina la kampuni kifuani. Kalenda za Januari utapewa hata na wakala wa pesa.

Kuhusu kuponi ya pikipiki, fanya hesabu ya haraka. Pikipiki ikiwa ya 2,800,000 na kuponi zikitolewa 4,000, kila kuponi ina thamani ya shilingi 700. Bei ya soda moja. Droo za namna hii huendeshwa chini ya usimamizi wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo sisemi ni utapeli. Nasema ni 700.

Jumla yake: 30,000, 15,000 na 35,000 ni 80,000. Unalipa 95,000 kupata vitu vya 80,000, na kati ya hiyo 80,000 zaidi ya nusu itabidi uihangaikie kwa kutafuta wateja wa blenda na pasi, huku mteja wako wa juisi anakusubiri. Hasara ni 15,000 na usumbufu. Si msiba. Lakini hapo nimekadiria kwa mkono ulio wazi, na bado punguzo limeshinda.

Halafu angalia kalenda yako ya biashara. Desemba ndiyo mwezi wa watu wengi stendi, wanaokwenda Dodoma, Iringa, Mbeya. Shilingi 95,000 ikibaki mkononi wiki ya kwanza ya Desemba inakuwa sukari, ubuyu, chupa na vikombe, na itazunguka mara kadhaa kabla ya Mwaka Mpya. Pasi ya pili iliyolala juu ya kabati haizunguki. Hii ndiyo sababu ambayo nadhani moyo wako uliiona ila haukuipatia maneno: pesa unaweza kuigeuza kuwa chochote unachohitaji, na zawadi tayari imeshageuzwa kuwa kile ambacho mwenye duka alihitaji kukitoa.

Nasema alichohitaji kukitoa kwa sababu nimekaa upande wa pili wa kaunta kwa miaka mingi, kwenye manunuzi ya vifaa vya umeme vya nyumbani, na najua kikao cha Septemba cha kupanga "ofa ya sikukuu" kinavyokwenda. Hakuna anayeuliza mteja anahitaji nini. Swali la kwanza ni: stoo kuna nini ambacho hakitoki? Blenda zilizoingia mapema mwaka na kukataliwa na wateja, pasi za modeli ambayo kampuni imeacha kuitengeneza, seti za sufuria zenye maua yaliyopitwa na wakati. Ukizipunguzia bei zikiwa peke yake, unakiri ulinunua vibaya. Ukizifunga na friza, zinaitwa zawadi.

Swali la pili ni la bei, na hapa pana utamu wake. Duka likishusha friza kutoka 890,000 hadi 760,000 Desemba, mteja wa Januari ataingia akitaka 760,000. Atakuwa amesikia kwa dada yake, atakuwa na picha ya bango kwenye simu. Bei ikishashuka machoni pa watu, kuipandisha ni kazi. Zawadi haina tatizo hilo: tarehe 2 Januari unaondoa blenda kwenye meza ya maonyesho, friza inabaki 890,000 kama ilivyokuwa, na hakuna wa kukulaumu. Juu ya hapo kuna msambazaji, yule anayeleta mzigo kutoka nje na kuugawa kwa maduka. Wengi wao hawapendi duka moja liuze chini kuliko mengine, kwa sababu mengine yatapiga simu kulalamika siku hiyohiyo. Kwa hiyo msambazaji anasema: bei usiguse, mimi nitakupa blenda za kugawa. Kuna wakati duka lenyewe halikugharamia hata moja ya hizo zawadi. Likumbuke hilo, nitakurudisha hapo tukifika kwenye kupatana.

Na kuna sababu ya tatu ambayo haisemwi kikaoni ila kila mtu anaijua. Namba mbili, 890,000 na 760,000, hata mtoto wa darasa la pili anajua ipi kubwa. Ukiongeza blenda, pasi, sufuria, fulana na kuponi upande mmoja, mtu mwenye akili timamu anahitaji karatasi. Wengi hawatafuti karatasi.

Udhaifu huu si wa Morogoro wala wa mume wako. Mwaka 2007 watafiti Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely walichapisha utafiti wa chokoleti za aina mbili uliofanyika Marekani: moja ya kifahari ya Lindt kwa senti 15, nyingine ndogo ya Hershey kwa senti 1. Asilimia 73 ya walionunua walichukua ya kifahari, wakijua kwa senti 15 wamepata kitu kizuri. Kisha bei zote mbili zikashushwa kwa senti moja tu: ya kifahari senti 14, ndogo bure. Tofauti kati yao haikubadilika hata kidogo, lakini safari hii asilimia 69 walikimbilia ile ya bure. Senti moja iligeuza meza. Kitu kikishaitwa cha bure, tunaacha kuuliza tumeacha nini ili tukipate.

Utafiti mwingine, wa Haipeng Chen na wenzake, ulitoka mwaka 2012, na unakugusa zaidi kwa sababu wewe mwenyewe ni mfanyabiashara. Waliuza losheni ya mikono dukani kwa njia mbili zenye thamani sawa, mara kwa kupunguza bei, mara kwa kuongeza losheni kwenye chupa kwa bei ileile. Chupa za nyongeza ziliuzika kwa asilimia 73 zaidi. Watu hawakuona kwamba nyongeza ya asilimia 50 ni sawasawa na punguzo la asilimia 33. Jaribu mwenyewe: lita moja kwa 3,000 ikawa lita moja na nusu kwa 3,000, maana yake lita ni 2,000, imeshuka kwa theluthi moja. Asilimia 50 inasikika kubwa kuliko 33, basi.

Lakini nyongeza ya sokoni siikatai, na nisieleweke vibaya. Mama wa nyanya akikuongezea tatu juu ya fungu, amekupunguzia bei ya kila nyanya, na kitu alichokuongezea ni kilekile ulichokuja kununua. Utakula. Kama friza ingekuja na friza ya pili tungeongea lugha nyingine. Nyongeza ya kitu kilekile, kama utakimaliza kabla hakijaoza, ni punguzo lililovaa nguo nyingine. Zawadi ya kitu tofauti ni ununuzi wa pili uliofanyiwa na mtu mwingine kwa pesa yako.

Kuna siku zawadi ilimla aliyeitoa, na hadithi hiyo inafaa kujulikana. Mwaka 1992 kampuni ya Hoover nchini Uingereza ilitangaza kwamba ukinunua bidhaa zake za zaidi ya pauni 100 unapata tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi, kwanza za nchi za Ulaya, baadaye hata za Marekani. Mashine ya kufyonza vumbi ya pauni mia na ushee kwa tiketi mbili za kuvuka Atlantiki! Watu walinunua mashine wasizozihitaji, matangazo ya kuuza mashine mpya ambazo hazijaguswa yakajaa magazetini. Hoover ilitegemea wengi wakwame kwenye fomu, tarehe na masharti, na waliobaki wanunue hoteli na bima kupitia mawakala wake. Haikuwa hivyo. Zaidi ya watu 200,000 walisafiri, gharama ikafika kama pauni milioni 50, kesi zikaendelea kwa miaka, na mwaka 1995 tawi hilo la Ulaya likauzwa kwa kampuni ya Candy ya Italia. Ninachotaka ukichukue hapo ni ule mpango wa mwanzo: zawadi ilipangwa ili wengi wasiipate. Kila uonapo zawadi yenye fomu, kuponi, tarehe ya mwisho na "vigezo na masharti kuzingatiwa", jua kwamba kuna mtu alikaa akakadiria ni wangapi watakata tamaa.

Sasa nigeukie upande wetu, maana punguzo nalo lina ujanja wake. Bango linasema "1,100,000" limepigwa msalaba mwekundu, chini yake "890,000". Ile 1,100,000 iliwahi kulipwa na nani? Umoja wa Ulaya ulichoka na mchezo huu. Tangu Mei 2022 muuzaji wa huko anayetangaza punguzo anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo katika siku 30 zilizotangulia. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mnunuzi, na ukidanganywa wazi unaweza kuwapelekea malalamiko. Ila kwa friza ya mwezi huu dawa ya haraka ni simu yako. Mtu anayejua atanunua kitu Desemba aanze kupiga picha za bei Oktoba. Wewe tayari una bei ya Kariakoo, na hiyo inakutosha kama kipimo. Bei ya zamani iliyokatwa msalaba usiitazame kabisa. Tazama utakacholipa wewe na wanachouza wengine leo.

Kabla hujasafiri, bei ya Kariakoo nayo ihakikishe mambo mawili. La kwanza, hiyo 760,000 ni pamoja na risiti ya EFD au ni bila risiti? Wapo wauzaji wenye bei mbili mfukoni, na ya chini ndiyo wanayoitaja kwenye simu. VAT ni asilimia 18, si kitu kidogo. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai, na zaidi ya sheria, bila risiti yenye jina la duka na tarehe, waranti yako ni karatasi ya kufungia vitumbua. Wakikwambia "ukitaka risiti ni 850,000", basi ulinganishe 885,000 na 890,000, na hapo nitakuwa wa kwanza kukwambia nunua Morogoro ubebe sufuria zako. La pili, aliyekutajia bei ni mwenye duka au winga? Winga anakufikisha dukani, ni kazi yake halali, lakini chake kimo ndani ya bei. Omba namba ya duka lenyewe.

Na modeli. Umeandika "friza hiyohiyo". Nina wasiwasi na neno hilo kila ninapolisikia. Soma kibandiko cha nyuma, herufi na namba zote mpaka ya mwisho, kwa sababu herufi moja mwishoni inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya modeli ya mwaka huu na ya miaka mitatu nyuma. Linganisha pia umeme wanaoandika kwa siku au kwa mwaka. Tuseme moja inakula uniti 1 kwa siku na nyingine uniti 0.6. Tofauti ni uniti 146 kwa mwaka. Wateja wa LUKU wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wana bei nafuu, lakini ukiweka friza ya biashara hapo utatoka haraka, na kwa bei ya kawaida, kama 350 na ushee kwa uniti kodi ikiwemo, hiyo tofauti inazidi 51,000 kila mwaka. Friza inakaa miaka minane, kumi. Hakuna blenda ya zawadi inayofikia pesa hiyo, na mara nyingi modeli inayosindikizwa na zawadi nyingi ndiyo ileile ya zamani inayotafutiwa pa kwenda. Mbele ya meza iliyojaa zawadi, mtu husahau kukagua friza yenyewe.

Je, zawadi zote ni za kukataa? Hapana. Ningechangamka kama duka lingekwambia: tunakupa kifaa cha kulinda friza umeme ukicheza, kile watu wanachokiita "fridge guard". Hicho utakinunua tu, ukizingatia umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Kihesabu kwa bei yake kamili ya dukani. Usafiri wa bure hadi nyumbani, vivyo hivyo, kwa sababu ungeulipia. Waranti ndefu ya kompresa inayohudumiwa na fundi aliyeko Morogoro ni zawadi kubwa kuliko zote, hata kama haina utepe, kwani friza ya biashara ikifa katikati ya Desemba na fundi wa waranti yuko Dar, umepoteza mwezi. Kipimo changu ni hicho tu: ningelitoa pesa kwa kitu hiki wiki hii hata kama nisingepewa? Ikiwa ndiyo, kihesabu chote. Ikiwa hapana, kihesabu kwa bei ya kumuuzia jirani.

Na hapo duka la mjini lina kitu ambacho halijakiandika kwenye bango: liko karibu. Ndiyo maana sikushauri ukimbilie basi la Dar kesho asubuhi. Nenda kwanza dukani hapo, siku ya katikati ya wiki, asubuhi, mapema Desemba. Tarehe 23 hatakusikiliza mtu, wateja wamejaa. Muulize meneja au mwenye duka, si kijana wa mlangoni ambaye hana ruhusa ya kubadilisha bei. Sema hivi: "Kaka, friza nimeipenda na pesa ninayo taslimu. Zawadi zako sizihitaji, zibaki. Niondolee zawadi, unipe bei gani?" Kisha nyamaza. Usitaje Kariakoo bado.

Jibu la kwanza litakuwa "Dada, zawadi zimetoka kampuni, bei haibadiliki." Inawezekana ni kweli, nimekueleza habari za msambazaji. Lakini kama zawadi zimetoka kampuni na wewe umeziacha, zinabaki kwenye stoo yake, na Januari ataziuza rejareja. Blenda, pasi na sufuria mpya, hazijamgharimu kitu: hapo ndipo ana nafasi ya kupumua. Mwambie kwa upole: "Basi bei ya friza iache, ila zawadi zangu zinunue wewe mwenyewe." Wengine hucheka, kisha huchukua kikokotoo. Asipotikisika, sasa toa bei ya Kariakoo, pamoja na usafiri, 795,000, na umwambie ungependa kununua kwake kwa sababu yuko jirani.

Akifika 820,000 na kukuletea hadi nyumbani, chukua. Unamlipa 25,000 zaidi ya Kariakoo, na kwa hiyo 25,000 umenunua mtu wa kumfuata kwa miguu friza ikigoma. Akikataa pesa lakini akakubali kubadilisha blenda na pasi kwa fridge guard, akuachie sufuria na usafiri juu yake, piga hesabu upya kwa kipimo kile. Huenda ikafika 90,000 halali, na mume wako atakuwa ameshinda kwa njia ambayo hakuitarajia. Akikataa kila kitu, mpe mkono, nenda Kariakoo.

Popote utakaponunua, hakikisha risiti imeandika modeli kamili ya friza. Kama umechukua kifaa chochote cha zawadi, kiandikwe pia, hata kwa bei ya sifuri, la sivyo kikiungua wiki ya pili utadai kwa karatasi gani? Na uliza mbele yao, kabla ya kulipa: friza ikiwa mbovu nikairudisha, zawadi zinahesabiwaje? Kuna maduka yatakayokata thamani ya zawadi kwenye pesa yako, na watakata kwa bei ya bango, ile 180,000.

Kama mnafikiria kununua kwa mkopo au kwa kulipa kidogo kidogo, hoja ya bei inakuwa nzito zaidi, kwa sababu riba itahesabiwa juu ya 890,000 nzima, na blenda nayo mtaikopea. Hujasema hivyo, basi naishia hapo.

Ikitoka Kariakoo, msisitize dereva aisafirishe ikiwa imesimama, asiilaze kwa ubavu. Ikifika iache itulie saa kadhaa kabla ya kuchomeka, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Usijaze maji ya barafu siku hiyohiyo hata kama stendi imejaa wateja. Iache ipoe yenyewe kwanza, halafu ingiza mzigo kidogo kidogo.